Mwambie Achuchumae

Siku ya Idi iliyopita, watu walipotoka kuswali na watoto wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kudai sikukuu yao, mtoto mmoja wa miaka sita alisimamishwa barazani kwa jirani yangu hapa Rumonge ili suruali yake ya jinzi itazamwe. Mama yake aliishona mwenyewe nyumbani. Watu wakasifu. Uzi wa dhahabu ukasifiwa, ribiti za shaba zikasifiwa, kile kipande cha ngozi kilichobandikwa kiunoni kikashikwashikwa, na shemeji mmoja aliyekuja kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako mafundi wamekaa bega kwa bega, akatamka kwamba ukiikuta dukani hutaitambua. Mtoto akapewa noti ya faranga elfu moja. Ikamponyoka. Akainama kuiokota, na suruali ikashuka nyuma mpaka nusu ya makalio ikawa nje. Akaishika kwa mkono mmoja, akaokota kwa mwingine, akainuka uso umemwiva. Watu wakamcheka.

Walimcheka mtoto. Suruali hakuna aliyeitazama tena. Tangu siku hiyo nina jambo rohoni, na leo nalitoa.

Mimi nimekaa nyuma ya cherehani tangu sijaota hata ndevu, na jinzi ya mtoto ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, hata kuliko kanzu. Sina ugomvi na mama anayeshona nyumbani. Ningetamani wawe wengi zaidi. Ugomvi wangu ni na sifa za ovyo, kwa sababu mama yule ana mkono mzuri, mshono wake umenyooka, na angeweza kuwa fundi wa kweli kama mtu mmoja tu angemwambia siku ile: kazi yako nzuri, lakini nyuma umekosea. Badala yake wakamsifia ribiti.

Ribiti haikuwekwa kwenye jinzi kwa ajili ya pambo. Tarehe 20 Mei 1873 serikali ya Marekani ilitoa hataza kwa Jacob Davis, fundi cherehani wa mji wa Reno, pamoja na Levi Strauss aliyekuwa akimuuzia vitambaa. Kisa kilianza kwa mke wa kibarua aliyekwenda kwa Davis kumwagizia mumewe suruali isiyochanika upesi. Davis akagonga ribiti kwenye pembe za mifuko, pale mkono unapovuta kila siku. Alikuwa fundi kama sisi: aliona mahali kitambaa kinapokufa, akapaimarisha. Sasa mtoto wa Rumonge, suruali yake inafia wapi? Inafia msambani na gotini. Mfukoni mwake hamna hata ufunguo. Ribiti nne za shaba kwenye jua la mwambao huu zinamchoma mapaja na hazimsaidii kitu. Pembe za mfuko wa mtoto zinataka kufungwa kwa mshono wa kurudi mara tatu, basi.

Uzi nao uwe wa rangi moja suruali nzima. Anayechanganya dhahabu na nyeupe hajui anachotaka. Mifuko ya nyuma isizidi kiganja cha mtoto mwenyewe na kidole kimoja. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiwekewe zipu, awekewe lastiki nyuma na mkanda ulionyooka mbele. Haya sitayajadili.

Turudi nyuma, kwenye makalio, maana huko ndiko jinzi ya mtoto inakohukumiwa.

Mtu asiyejua hutazama suruali kwa mbele, mtoto akiwa amesimama, mikono ameishusha, kama anayepigwa picha ya pasi. Mtoto gani hukaa hivyo? Nenda ufukweni asubuhi mitumbwi inaporudi. Watoto wamechuchumaa kwenye mikeka wanachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wamepiga magoti wanafukia miguu mchangani, wameinama wanasukuma mtumbwi. Penye mafuta ya mawese utawakuta wamekaa juu ya madumu. Shuleni wanapanda ukuta. Mtoto husimama wima pale tu mtu mzima anapomwamuru. Kwa hiyo suruali inayomkaa akisimama imeshonewa saa moja katika siku nzima.

Chukua kamba. Mtoto akisimama, pima kutoka kiunoni nyuma, pita katikati ya makalio, ishia msambani. Weka fundo. Sasa mwambie achuchumae, pima njia ileile. Kamba haitafika. Kwa mtoto wa miaka sita itapungua kama vidole vinne, na hivyo vidole vinne ndivyo vilivyomvua nguo yule mtoto siku ya Idi. Kitambaa cha nyuma kilikuwa kifupi, mwili ulipojikunja ukadai urefu, urefu haukuwepo, mkanda ukashuka kuutafuta.

Kosa hili lina chanzo kimoja. Mama hukata kipande cha mbele, kisha hukilaza juu ya kitambaa na kukata cha nyuma kwa kukifuata, labda anaongeza kidogo ubavuni. Mbele na nyuma zinatoka pacha. Lakini mbele ya mtoto ni tumbo na nyuma yake ni makalio, na wala havifanani. Ulimi wa msamba wa nyuma, ile sehemu inayoingia katikati ya miguu, unatakiwa uwe mrefu mara mbili ya ulimi wa mbele. Mshono wa katikati nyuma usisimame wima; ulale, uanze juu ukiwa umeingia ndani kuelekea nyonga, ushuke ukitoka nje. Na kiuno cha nyuma kipande juu katikati, kishuke taratibu kuelekea ubavuni. Mlalo huo ukiuona suruali ikiwa imetandazwa mezani, utadhani fundi alikosea, maana nyuma imechongoka kama paa. Hapo ndipo penye ufundi. Suruali nzuri ya mtoto haipendezi ikilala mezani.

Yoki, kile kipande cha nyuma kilicho kati ya mkanda na makalio, ndiyo inayoukamilisha mlalo huu. Watu huishona yoki kwa sababu wameiona kwenye jinzi za dukani, wanaikata kama utepe, kimo kimoja kutoka ubavuni hadi katikati, kisha wanapiga mishono miwili ya dhahabu juu yake. Huo ni utepe tu. Yoki ina kazi: ndani yake umefichwa ule mkunjo ambao kwenye suruali ya kitambaa ungeushona kama pensi kiunoni. Kwa hiyo katikati iwe na kimo kikubwa, ubavuni iwe ndogo, na ukingo wake wa chini upinde kidogo. Nikiokota suruali ya mtoto yeyote, kitu cha kwanza nakiangalia ni kimo cha yoki katikati na kimo chake ubavuni. Vikilingana, nairudisha mahali pake bila kusema neno.

Sasa kuna dawa ambayo kila mtu anaifahamu na ni sumu. Mtoto akilalamika kwamba suruali inambana akichuchumaa, mama anaushusha msamba. Anasema, nimpe nafasi. Akiushusha, mambo yanazidi kuharibika, na yeye haelewi kwa nini. Tazama kwapa la shati. Kwapa lililoshuka mpaka mbavuni, ukiinua mkono shati zima linapanda nalo. Kwapa lililokaa juu karibu na mwili, mkono unainuka peke yake. Msamba ni vivyo hivyo. Ukiwa chini, miguu imefungwa pamoja kama ya mtu aliyevaa gunia. Mtoto akitaka kupanda hatua moja anavuta suruali yote. Msamba ukae juu, karibu na mwili, urefu utafutwe nyuma. Nimewaambia wanafunzi wangu maneno haya kwa miaka mingi na bado wapo wanaoshusha.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee aliyejifunzia Ujiji, akaja kukaa hapa, maana Kiswahili chetu na cherehani zetu vyote vilipita njia hiyo ya ziwa. Mteja akimletea mtoto, mzee hakugusa tepu. Alikuwa na kigoda kidogo cha mbuzi, anamkalisha mtoto juu yake, anapima kwa kamba kutoka kiunoni hadi kwenye ubao: hicho ndicho kina cha msamba, hakiongezwi wala hakipunguzwi. Kisha anamwaga konzi ya ndagala kavu mkekani, anamwambia, "Mwanangu, nichambulie." Mtoto anachuchumaa, anasahau kama anapimwa. Mzee anakaa nyuma yake kimya, miwani puani, anatazama mgongo unavyojikunja na mahali kaptura yake ya zamani inapovuta. Wakati mwingine alitazama hivyo mpaka mama wa mtoto akakasirika kwa kucheleweshwa. Ndipo anaamka, anapima mara mbili tu, anaandika ukutani kwa chaki. Sikumwona akirudishiwa suruali ya mtoto kwa sababu ya nyuma kushuka. Sikuona hata moja.

Na nimewajua matapeli. Mmoja alikuwa akimpima na kumjaribisha mtoto juu ya meza. Wazazi walipenda, waliona ni heshima, mtoto amewekwa juu kama bwana harusi. Mtoto juu ya meza hachuchumai, anaogopa kuanguka. Anasimama wima kama mlingoti, na suruali inaonekana imemkaa. Mwingine alikuwa stadi zaidi. Alikata nyuma fupi ili kitambaa kitoshe suruali tatu badala ya mbili, halafu siku ya kuchukua nguo, kabla mteja hajafika, analowesha sehemu ya makalio na kuivuta kwa pasi ya mkaa yenye moto mkali. Pamba ikiwa na maji na moto inavutika. Mtoto anavaa, anachuchumaa, inakubali. Mama analipa. Wiki ijayo suruali inafuliwa, pamba inarudi kwenye urefu wake, na nyuma inashuka. Mama akirudi anaambiwa mtoto amenenepa. Kwa hiyo nasema: jinzi ya mtoto usiihukumu kabla haijafuliwa na kukauka. Iguse pale nyuma. Pakiwa pamelegea na kung'aa kuliko mapajani, pasi imepita hapo kuficha jambo.

Kuna na ule ugonjwa wa "atakua nayo." Huu si utapeli, ni umaskini, na naujua, nimeuvaa mwenyewe utotoni. Mzazi anataka suruali imalize miaka miwili. Ana haki. Lakini mahali pa kuwekea ukuaji ni pindoni na kiunoni peke yake. Pindo likunjwe ndani vidole vitatu, lishonwe kwa mshono mmoja ambao utafumuliwa bila kuchana. Kiunoni pite lastiki yenye matundu, ifungwe kwa kifungo ndani, iachiwe tundu moja kila mtoto anapoongezeka. Mapaja na msamba vikae kwenye mwili wa leo. Ukimpa mtoto wa miaka sita makalio ya mtoto wa miaka minane, atatembea akiishika suruali kwa mkono mmoja kila anapokwenda, na mkono huo ndio alioumbiwa kurushia mpira.

Kitambaa nitakipitia haraka. Jinzi ya aunsi 14 mwachie mtu mzima. Sisi tuko kando ya ziwa, joto letu linajulikana, na goti la mtoto halina nguvu ya kukikunja kitambaa kile. Aunsi 8 hadi 10 zinatosha. Kabla ya kukata, kiloweshwe usiku mzima, kikaushwe, kiloweshwe tena. Geuza upande wa ndani uone weupe: mtande, nyuzi za urefu, ndio uliotiwa nili; mshindio, nyuzi za upana, ni mweupe, na mshindio unapita chini ya nyuzi tatu za mtande kabla ya kuruka mmoja. Kwa sababu ya mruko huo kitambaa kina mistari ya mshazari, na mshazari unavuta. Ukikata mguu mmoja ukielekea juu na mwingine ukielekea chini ili kubana kitambaa, au ukaulaza mguu nje ya mstari wa mtande, baada ya kufuliwa mara tatu mshono wa ubavuni utahama mpaka mbele ya muundi. Utawaona watoto wa namna hiyo njiani, mguu mmoja wa suruali umejisokota kama kamba ya ndoo. Vipande vyote vielekee upande mmoja, mtande ushuke katikati ya goti.

Wengi wetu hatununui jora. Tunakata kutoka kwenye caguwa, jinzi ya mtu mzima ambayo mtu fulani wa Ulaya ameichoka. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu, na mpaka leo caguwa ipo sokoni na ndiyo inayotulisha kitambaa. Sioni aibu. Fundi hodari kuliko wote niliyemwona akikata caguwa alirudi kutoka Katumba, Tanzania, mwaka 2008, pamoja na wale waliokimbia kutoka hapa mwaka 1972 wakiwa watoto au wakiwa tumboni. Alilelewa kambini ambako hakikutupwa kitu. Alikuwa anaifumua suruali nzima, hakati hata mshono mmoja kwa mkasi, anavipiga pasi vipande, halafu anavishika mbele ya dirisha. Mwanga ukipita kwenye goti, goti hilo limekufa. Nili haiingii mpaka moyoni mwa uzi, inakaa juu juu, ndiyo maana inachujuka kwenye mikunjo. Lakini rangi kuchujuka ni jambo moja na uzi kuisha ni jambo lingine, na dirisha ndilo linalotenganisha. Vipande vilivyokufa aliviweka ndani ya mkanda kama bitana. Nyuma ya mtoto aliikata kutoka paja la juu la mtu mzima, upande wa nyuma, chini ya mfuko, ambako kitambaa bado kina uhai. Mtu mwingine angepaweka hapo goti. Yeye alisema goti linatiwa kiraka, makalio hayatiwi.

Mishono ya ndani ya mguu na ya nyuma iwe ya kulaza, kitambaa kimekunjana na kufungana, isiwe ya ovaloki peke yake. Hapo penye msamba, mishono minne inapokutana, cherehani ya nyumbani inagoma. Watu wanalaumu mashine. Butterfly ya miguu, ile nyeusi, inaweza; Singer ya bibi yako inaweza. Weka sindano namba 16, au 18 kama kitambaa ni kizito, weka mkutano ule juu ya jiwe, ugonge kwa mchi wa kinu mpaka ulale, halafu vuka ukizungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Utasikia sindano ikiingia, sauti nzito, si ya kukwaruza. Ikikwaruza, simama.

Zamani mwanafunzi alikaa miezi akishona karatasi ya mfuko wa saruji bila uzi, mistari imenyooka, kisha duara, kisha duara ndani ya duara, kabla hajapewa kitambaa. Tulikuwa na baraza zima la mafundi, sauti za pedali unazisikia ukiwa njiani kwenda sokoni, na mzee akipita nyuma yako huhitaji kugeuka ujue amesimama. Uzi mzuri tuliufuata soko kuu la Bujumbura, mpaka lilipoungua tarehe 27 Januari 2013. Maji ya ziwa nayo yalipopanda, mwaka 2021 na tena 2024, yaliingia kwenye nyumba za ufukweni, na cherehani zilizolala majini hazikupona zote. Leo kijana anajifunza kwa wiki mbili, anabandika kipande cha ngozi kiunoni, na anaitwa fundi. Wa kulaumiwa ni sisi tulionyamaza barazani.

Mimi pia nilinyamaza siku ya Idi. Siku tatu baadaye nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba suruali. Alisita, kisha akanipa. Tukaifumua pamoja nyuma yote. Kitambaa cha kuongeza hakikuwepo, kwa hiyo tukatoa yoki ile ya utepe, tukakata mpya kutoka kwenye jinzi kuukuu ya baba wa mtoto, katikati kimo cha vidole vitano, ubavuni viwili. Rangi imepishana kidogo, mpya imeiva zaidi. Ribiti nilizitoa. Kipande cha ngozi nilikiacha, kwa sababu mtoto anakipenda. Tulipomaliza tukamwaga ndagala mkekani.

Haikushuka.

Basi wewe unayeshona nyumbani, na wewe unayeitwa barazani kutazama na kusifu: kabla hujafungua kinywa, mwambie mtoto achuchumae, na wewe ukae nyuma yake.